Boti Lenye Alama ya Ngamia

Wiki iliyopita mume wangu aliweka simu yake kando ya sahani yangu. Kulikuwa na picha mbili: boti pana la alumini na boti jembamba la alumini, yote mawili yakikodishwa kwa familia zinazokwenda kutembea ziwani. "Chagua wewe," akasema. "Watoto wanataka twende Jumamosi." Maskini, hakuwa na nia mbaya. Mimi nikasukuma sahani, nikaacha wali wangu hapo, nikaenda kusimama jikoni. Nilikuwa nanusa vitu ambavyo havikuwamo ndani ya nyumba ile: petroli, tope na samli. Watoto wakauliza mama ana nini. Mama ana hasira, wanangu, na hasira hiyo ilizaliwa kabla yenu.

Sijawahi kuisimulia kwa sababu inachekesha. Ukimwambia mtu kwamba nyumba yenu ilivunjika kwa ajili ya boti, na kwamba wenye boti walikuwa wafugaji wa ngamia, atacheka kwanza, huruma itakuja baadaye kama ikija. Chekeni. Mimi mwenyewe kuna sehemu zinanichekesha, na nikishacheka huzidi kuwachukia waliohusika.

Wenzangu mliokuwa watoto Garissa wakati ule mnaikumbuka mvua ilivyokataa kukoma. Sisi tuliozoea kuomba mvua tulijikuta tunaomba jua. Mto Tana ulivunja kingo zake ukaingia bulla yetu, mtaa wa chini kule karibu na mto, ukatembea katikati ya nyumba kama mwenye nyumba aliyekuja kufukuza wapangaji. Barabara ya Nairobi ilikatika. Unga ukaadimika, sukari ikawa hadithi, na vyura wakalala ndani ya viatu vyetu. Ndipo shirika moja la misaada likaleta maboti mawili ya alumini, yenye injini ya kufungwa nyuma, kuokoa watu waliokwama juu ya mapaa.

Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia. Lile boti pana ndilo lililotujia. Lilipita uchochoroni polepole, likagonga ukuta wa jirani likabonyea ubavuni, kisha likasimama mlangoni petu kama punda aliyefika. Waokoaji wanne walimlaza mama katikati ya mabao ya kukalia, wakamfunika turubai, nami nikakaa miguuni pake pamoja na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima. Tulikuwa tunapelekwa hospitali, kwenye ardhi ya juu. Hatukufika. Niliona maji yanatoka chini ya turubai, yakazunguka vidole vyangu vya miguu, nayo yalikuwa ya moto, si baridi kama ya mvua. Kisha mama akapiga ukelele mmoja tu, na yule jirani akainua kutoka chini ya turubai mtoto wa kiume aliyekunjana uso kwa ghadhabu. Mdogo wangu Mahat alizaliwa botini, juu ya barabara ile ile niliyokuwa nikipita kwenda shule. Kichwani mwangu jambo hilo lilikaa hivi: maji yakijaa ndani ya boti, kitu kinazaliwa.

Sasa niwajulishe watu wenyewe. Baba alikuwa Msomali wa Garissa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, misumari, mabati, patasi na rangi. Mtu mpole. Watu walimsifu kwa upole wake, na mimi pia nilimsifu, mpaka nilipojua kwamba upole wa baba ulikuwa ni mtu mwingine kumwamulia. Mama alitoka Buna, mbali kaskazini ya Wajir, kwa watu wanaosema Kiborana. Kisomali alijifunza kwa kuolewa. Nyumbani tukiwa na amani tuliongea Kisomali. Ugomvi ukianza, mama na ndugu za baba walihamia Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Nadhani walipenda kutukanana kwenye uwanja wa ugenini. Ndiyo maana mpaka leo Kiswahili ninachokikumbuka cha utotoni ni cha kugombana.

Na mgombanaji mkuu alikuwa kaka yake baba, Adeer Sahal. Sisi humwita adeer ndugu wa baba. Alikuwa mrefu, ndevu zake amezitia hina, na kila alipokaa bakora yake ililala mapajani kama mtoto. Aliishi Habaswein na ngamia wa ukoo, wa baba wakiwemo. Mali yote ya baba yenye miguu ilikuwa mikononi mwake, na kwa hesabu yake hata sisi tulikuwa na miguu. Baba alimwita abowe, yaani kaka mkubwa, na neno hilo alilitamka kwa sauti ndogo kuliko maneno yake mengine. Mama aliitwa na adeer "ile ya Buna", mbele yake, huku kikombe cha chai aliyoipika mama kikiwa mkononi mwake. Nilimchukia kabla sijajua kwamba mtoto haruhusiwi.

Alipopata habari kwamba Mahat amezaliwa, alipanda lori akaja, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hufungiwa kitovu. Anachaguliwa ngamia jike kwenye kundi, anakuwa wake tangu siku hiyo, na ngamia huyo akizaa, na watoto wake wakizaa, wote ni wa mtoto yule. Akifika umri wa kuoa anajikuta ana kundi. Mimi msichana nilifungiwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe akaliwa na fisi kabla sijaota meno. Huo ndio utajiri niliozaliwa nao.

Maji yalikuwa yamerudi mtoni. Shirika lilikuwa linafunga kazi, na maboti yote mawili yalikuwa yanauzwa pale kwenye ua wa ghala lake. Baba akatangaza jambo ambalo sikuwahi kumsikia akitangaza mfano wake. Alisema atanunua boti moja, liwe la familia, tuwe tunapanda mto siku za sikukuu kwenda kutembea kwenye mashamba ya ndizi, na maji yakija tena yatukute tuna chombo. "Na hilo boti ndilo kitovu cha Mahat," akasema. "Kazaliwa botini, nitamfungia boti."

Adeer alimtazama kama mtu aliyesema atamfungia mtoto kiti. "Warya, wewe bwana, boti inazaa?" akamuuliza.

"Litazaa, inshallah," baba akajibu akicheka. Alikuwa na maana ya kazi na riziki. Mimi nilimwamini neno kwa neno.

Mama hakucheka. Alikuwa ananyonyesha, na aliinua uso akamtazama baba kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Naielewa sasa. Kwa miaka yote ya ndoa yao, nyumba tuliyokaa ilichaguliwa na adeer, jina langu lilichaguliwa na adeer, hata siku mama aliyoruhusiwa kwenda Buna kumzika baba yake ilipangwa na adeer, na akafika kaburi limeshakauka. Sasa mume wake amesema neno lake mwenyewe. Mama alitaka kuona kama litasimama. Boti lenyewe, nadhani, halikuwa na maana kubwa kwake, alitaka mume.

Tulikwenda ghalani sote, asubuhi, kabla alumini haijawaka moto. Maboti yalikuwa yamelala mchangani bega kwa bega. Lile pana lilikuwa na rangi iliyobanduka na ule mbonyeo ubavuni. Lile jembamba lilikuwa refu, pua juu, linang'aa kiasi cha kuumiza macho. Karani aliyetupokea alikuwa wa Daun Kenya, kama tunavyoita kusini kote, kijana mstaarabu, akatuambia lile pana haliyumbi hata mtoto akisimama, na lile jembamba lina mbio lakini linataka watu watulivu. Adeer hakumsikiliza. Alikuwa ameanza kazi yake. Alilipiga lile jembamba makofi ubavuni akategea sikio. Aliinama akalitazama tumboni. Akalipitishia kiganja mgongoni kutoka pua mpaka nyuma, na wallahi, kama lingekuwa na mdomo angelifunua meno. P yake ilikuwa b na v yake ilikuwa f, nasi watoto tulimwiga tukiwa peke yetu.

"Hii nabenda," akasema. "Shingo mrefu. Damu changa. Ile bana ni zee, tumbo imelegea, imezaa mara mingi."

Mama alikuwa amekwenda upande wa pili. Aliweka kiganja juu ya ule mbonyeo, Mahat akiwa mgongoni, akamwambia baba kwa Kiswahili ili karani naye asikie: "Ni hii. Hii ndiyo ilikuja mlango yangu. Mimi naijua."

Baba akamtazama, akatabasamu. "Basi ni hili," akamwambia karani. "Tunachukua hili pana."

Nakumbuka jinsi mama alivyopumua. Nakumbuka pia kwamba nilimtolea adeer ulimi, mgongoni kwake. Furaha yetu ilidumu kwa muda wa mtu kusafisha koo. Adeer alisafisha koo, akagonga bakora mchangani, akasema mbele ya karani, mbele yangu, mbele ya mlinzi wa lango: "Warya, ndani ya hii boti mwanamke amemwaga damu ya uzazi. Watu wanne wageni walikuwa wanaona. Wewe utakalisha wanaume wa ukoo yako kwa damu ya bibi yako? Aibu hakuna?"

Karani alianza kupangusa kitu ambacho hakikuwa kichafu. Mama aliondoa mkono wake kwenye boti. "Shemeji," akasema, "na wewe ulitoka wapi? Uliteremka na mvua?"

Mlinzi wa lango akacheka, na kicheko kile kikaharibu kila kitu, kwa sababu sasa baba hakuwa anachagua boti. Alikuwa anachagua nani aachwe na aibu mbele ya mlinzi. Alitazama chini. Akauchimba mchanga kwa kidole cha kiatu. "Abowe anajua," akasema. "Tupatie lile jembamba."

Nimeisikia sentensi hiyo usingizini maisha yangu yote. Abowe anajua. Abowe hakuwahi kuona boti kabla ya mwezi ule. Abowe aliogopa hata kunawa miguu mtoni.

Yaliyofuata nyumbani yalikuwa vita, na silaha ya mama ilikuwa chai. Aliendelea kumpikia adeer kama adabu inavyotaka, ila chai ilifika imepoa, au ina moshi, au kikombe ni kile chenye ufa unaokata mdomo. Anjera yake, mkate wetu mwembamba kama chapati ya maji, ilitoka imeungua upande uliolala sahanini. Adeer naye hakuwa mjinga. Alikunywa yote, akasema mashallah, akaomba kingine. Walikaa hivyo wakitazamana kila asubuhi kama majogoo, na baba katikati yao akisifu hali ya hewa. Mimi nilikuwa upande wa mama waziwazi. Nilitia mchanga ndani ya makubazi ya adeer, akayakung'uta bila kuuliza nani, na kutouliza kwake kuliniudhi zaidi kuliko ambavyo kofi lingeniudhi.

Siku moja kabla ya Idi, boti likiwa limeletwa uani kwetu na kupinduliwa juu ya mapipa matupu ili lisichomwe na jua ndani, adeer akasema haliwezi kwenda mtoni hivyo. Kama ni kitovu cha mtoto wa ukoo, lazima liwe na alama ya ukoo. Ngamia wetu wote wana alama, inachomwa kwa chuma cha moto, na kwa alama hiyo ngamia aliyepotelea hata Banissa anarudishwa kwa mwenyewe. Boti lisilo na alama ni mali ya mwizi. Baba akaona ni sawa. Hakuna aliyeona kichekesho, niwaambie. Kwetu kitu kinachoitwa kitovu cha mtoto bila alama ni kama mtoto bila jina la baba.

Adeer akawasha makaa, akatia chuma, kikawa chekundu. Akazunguka boti akilitafutia paja, kwa maana alama yetu huwekwa pajani, nyuma na chini kidogo ya mgongo. Akapata mahali palipompendeza, karibu na mahali mabati yanapokutana na ribiti, pini za kuyaunganisha, zimepangwa mstari. Akakandamiza chuma. Ngamia hulia, huruka, hunuka nywele. Boti lilinyamaza. Adeer alipoinua chuma aliona doa jeusi tu, akalifuta kwa kidole likatoka. Alijaribu tena na tena, uso wake ukazidi kuwa mwekundu kuliko chuma. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikifurahi mpaka naumwa tumbo.

"Leta batasi," akamwambia baba. "Na nyundo."

Baba alizitoa dukani kwake mwenyewe. Alishika boti kwa mikono miwili, kama mtu anavyomshikia mwenzake ngamia, na kaka yake akaanza kuichonga alama kwa patasi, pigo moja baada ya jingine, na mlio wake ulisikika bulla nzima. Mama akatoka jikoni na unga mikononi.

"Shemeji, hiyo ni bati," akasema. "Si ngozi. Ngozi inapona."

"Naa, wewe mwanamke, rudi jikoni. Hii ni kazi ya wanaume."

Mama alikung'uta unga mikononi. Alimgeukia baba. "Na wewe? Wewe ni fundi wa mabati. Unauza mabati. Sema."

Baba hakuachia boti. "Abowe anajua," akasema.

Nawaomba mwelewe kosa lenyewe, maana ni sisi tu tungeweza kulifanya. Boti lilikuwa limepinduliwa. Mahali palipoonekana kama paja juu, penye kivuli kizuri, likigeuzwa panakuwa chini, ndani ya maji. Na mtu aliyetia alama ngamia maisha yake yote hafikirii kwamba kitu kina chini na juu vinavyobadilishana. Alipomaliza, alama ilikuwa nzuri, sikatai, imechongeka kwa kina. Akachota samli kwenye kibuyu akaipaka yote, akajaza kila mfereji, kama anavyopaka kidonda cha ngamia ili inzi wasikae. Ile samli ndiyo iliyotudanganya.

Asubuhi ya Idi tulivaa nguo mpya. Mimi nilikuwa na gauni la rangi ya machungwa lenye mkanda, nikajiona nimemaliza dunia. Mama alipakia anjera, nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa, ndani ya mkebe, thermosi ya chai, na halua. Nilifikiri hatakuja. Alikuja. Alimfunga Mahat kifuani badala ya mgongoni, akapanda boti bila kushikwa mkono na mtu. Baba alikaa nyuma kwenye injini, aliyofundishwa kuiendesha na yule karani. Adeer alikaa mbele kabisa kwenye pua, akinyoosha bakora kuelekea anakotaka twende, na baba akifuata bakora.

Na mwanzoni ilikuwa raha, siwezi kusema uongo. Upepo ulikuwa na harufu ya majani mabichi, watoto kwenye ukingo walitupungia, na boti lilipasua maji yale mekundu vizuri sana. Baba alikuwa anacheka meno yote nje. Hata mama alifungua thermosi. Nilifikiri labda tumekosea, labda adeer kweli anajua, na wazo hilo likanitia uchungu.

Kisha nikahisi baridi vidoleni. Maji yalikuwa yanajikusanya chini, kidogo kidogo, yakizunguka viatu vyangu vipya. Nikakumbuka turubai, nikakumbuka maji yaliyotangulia Mahat, nikakumbuka baba akisema litazaa inshallah. Nikasimama, nikapiga makofi.

"Linazaa!" nikapiga kelele. "Boti linazaa! Tazameni, maji yametoka!"

Walicheka wote, na adeer alicheka kuliko wote. "Mashallah," akasema, "mtoto ya kike iko na akili." Nilikuwa natazama chini ya bao la mama nikitarajia kuona kijiboti kikitokeza pua. Mama ndiye aliyefuata macho yangu. Aliinua miguu yake, akaona maji, akaona na mafuta ya samli yanaelea juu yake kwa vijiduara vya manjano, na thermosi ikamponyoka.

"Geuza," akamwambia baba. "Enda kando. Sasa hivi."

Ukingo ulikuwa karibu upande wa kulia, mchanga mtupu, usio na mwiba wala mti. Baba aliuona. Mkono wake ulianza kugeuza injini, mimi nilikuwa namtazama, ulianza kabisa. Kisha akainua macho mbele. Adeer hakuwa amegeuka. Bakora yake ilikuwa imenyooka kuelekea juu ya mto. "Mbele," akasema. "Shamba ni karibu. Ngamia haachi safari kwa sababu ya jasho."

"Mahat yuko hapa!" mama akapiga kelele. "Mtoto yako yuko hapa! Geuza!"

Mkono wa baba ukarudi pale ulipokuwa. Tukaenda mbele.

Mtetemo wa injini ulikuwa umeshafungua ile alama, na maji sasa yalikuwa yanaingia bila haya. Yalifika vifundoni, yakafika juu ya vifundo, mkebe wa nyirinyiri ukaanza kuelea. Mama alikuwa anachota kwa kifuniko cha thermosi. Boti likawa zito upande mmoja, injini ikakohoa ikafa, na mkondo ukatugeuza ubavu. Nakumbuka tu kwamba hatukupinduka kwa kishindo. Tulizama polepole, tumekaa, kama watu wanaosubiri kuhudumiwa. Kisha maji yakawa shingoni mwangu na gauni langu likapanda usoni, na mkono wa baba ukanishika nywele.

Hapa nafika mahali ambapo chuki yangu hujikwaa. Mahat alikuwa amechomoka kifuani mwa mama boti lilipoinama. Aliyemdaka ni adeer. Mtu yule aliyeogopa mto, asiyejua kuogelea, alisimama ndani ya maji yaliyomfika kidevuni, akamwinua mdogo wangu juu ya kichwa kwa mikono miwili, akatembea. Hakuwa na hakika kama hatua ifuatayo ina ardhi. Mamba walikuwemo mtoni mle, sote tulijua. Alitembea akisoma shahada kwa sauti, kilemba kimekwenda na maji, mpaka akafika mchangani. Mgala muue na haki yake umpe, husema Waswahili. Msemo wenyewe siupendi, kwa sababu Mgala ni jina la zamani la Waborana na ndugu zao, na katika hadithi hii ni mama yangu. Lakini haki hiyo nimeitoa, naye adeer nimempa, na sitampa nyingine.

Tulikuwa ukingoni sote, hai. Boti lilionekana pua tu. Mama alipanda mchanga akiwa hana mtandio, nywele zimemganda usoni, akaenda moja kwa moja kwa adeer akamchukua Mahat, akamtazama kila mahali, akambana.

"Mungu akulipe kwa hii," akamwambia adeer. "Na kwa ile ingine yote, akulipe bia." Alikuwa ameuiga mdomo wake, na hakucheka.

Kisha akamgeukia baba, aliyekuwa amekaa mchangani. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua. "Nilisema geuza. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Maji uliona?"

"Niliyaona."

"Basi nani alishika mkono yako?"

Baba alifungua mdomo, na macho yake yakaenda pembeni, kwa kaka yake. Adeer alikuwa amevua kikoi chake kilicholowa, amebaki na kanzu, na aliongea kabla baba hajapata neno. "Hii boti bahati haikuwa," akasema. "Idi ikiisha tunachukua ile bana. Nimeamua."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na sijakisikia tena kwake. "Umesikia?" akamwambia baba. "Ameamua." Akamfunga Mahat vizuri kwa kipande cha kanga iliyobaki. "Mimi naenda kwa ndugu zangu Buna. Mlango yao unajua. Ukitaka kuja, njoo, hata leo. Lakini usiulize mtu."

Alinishika mkono tukaanza kupanda ukingo, miguu mitupu, viatu vyangu vimebaki mtoni. Mchanga ulikuwa umeanza kuchoma. Niligeuka. Baba alikuwa amesimama. Akapiga hatua kutufuata, akapiga nyingine, maji yakimtiririka kwenye mikono, na nilimvuta mama nikamwambia, "Hooyo, anakuja. Aabo anakuja." Mama hakugeuka, ila alipunguza mwendo, akawa anatembea kama mtu anayemsubiri mwenziwe bila kutaka ajue. Nilisikia mkono wake umelainika ndani ya wangu.

Kisha baba akasimama. Akageuza shingo nyuma.

"Abowe?" akasema.

Adeer alikuwa ameinama anakamua kikoi chake, hakuinua kichwa. Baba akabaki pale, mguu mmoja mbele, akingoja ajibiwe. Mama hakuhitaji kutazama. Aliushika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma, tukaenda.